Asubuhi haihitaji orodha ndefu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme neno juu ya ushauri wa afya ambao siku hizi umeenea mno, katika kurasa za magazeti na katika simu zetu, kuhusu namna mtu anavyopaswa kuianza siku yake. Ushauri huo kwa kawaida huja na sura moja: kurauka saa kumi na moja alfajiri, kunywa maji, kutafakari, kuandika shajara, kufanya mazoezi ya nusu saa, kuoga maji baridi, kusoma kurasa kadhaa za kitabu, kisha ndipo uende kazini. Kila jambo katika orodha hiyo lina wema wake. Linalonisumbua ni orodha yenyewe, kwa sababu nimewaona watu wengi wanaojali afya zao wakiianza kwa ari Jumatatu, wakichoka Alhamisi, na kuifikia Jumapili wakiamini kwamba kasoro imo ndani yao.

Nami nilipita njia hiyo. Miaka michache iliyopita, baada ya kipindi kirefu cha kuamka nikiwa na mwili mzito na hasira za karibu, nilijiandikia mambo manane ya kutimiza kabla ya kutoka nyumbani. Niliyatimiza yote kwa siku tisa. Usiku wa kuamkia siku ya kumi mtoto alishikwa na homa, tukakesha naye, nikaamka nimechelewa, orodha ikavunjika, na kwa karibu mwaka mzima sikuwa na moyo wa kuirudia. Kilichonisaidia baadaye kilikuwa kitu kimoja tu: kila nilipomaliza kupiga mswaki nilifungua mlango, nikatoka nje bila simu, nikasimama au nikatembea polepole kwa dakika kumi. Mswaki sikuwahi kuusahau, kwa hiyo na kutoka nje sikukusahau.

Dakika hizo kumi zina sababu yake katika mwili, nayo inastahili kuelezwa kwa utaratibu kwa kuwa ndiyo msingi wa mengine yote nitakayoyasema. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo neva za macho mawili hupishana, kuna kishada cha seli zipatazo 20,000 kinachoendesha saa ya mwili. Kishada hicho ndicho kinachoratibu joto la mwili lipande lini na lishuke lini, usingizi uje lini, na homoni gani imwagwe katika damu kwa wakati gani. Saa hiyo hutembea yenyewe, hata pasipokuwa na jua wala saa ya ukutani. Mwaka 1962 kijana Mfaransa, mwanajiolojia Michel Siffre, aliingia katika pango lenye barafu katika milima ya Alps akakaa humo takriban miezi miwili bila saa na bila mwanga wa mchana. Aliendelea kulala na kuamka kwa mpangilio, lakini mpangilio huo ulikuwa ukichelewa kidogo kidogo kila siku, na wenzake walipomwambia tarehe 14 Septemba kwamba muda umekwisha, yeye kwa hesabu yake alidhani bado ni tarehe 20 Agosti.

Vipimo vya baadaye vilionyesha jambo hilohilo kwa usahihi zaidi. Charles Czeisler na wenzake nchini Marekani walichapisha mwaka 1999 matokeo yaliyoonyesha kwamba saa ya mwili wa binadamu, ikiachwa bila kurekebishwa, huzunguka kwa wastani wa saa 24 na dakika 11 hivi. Dakika 11 zaonekana si kitu, lakini katika juma moja zimezidi saa nzima. Ni lazima basi kila siku kitu fulani kiiwahishe saa hiyo kidogo, na kitu hicho, kwa nguvu kuliko vyote, ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Mwanga wa jioni na wa usiku hufanya kinyume chake: huichelewesha saa, mtu akachelewa kupata usingizi na akaamka kwa shida siku ya pili.

Hapa macho yetu hutuficha ukweli. Mboni hupanuka na kusinyaa, nasi tukiwa ndani ya chumba chenye taa tunaona kwamba kuna mwanga wa kutosha, ilhali kipimo kinasema vingine kabisa. Chumba cha kawaida kina laksi (kipimo cha wingi wa mwanga) mia moja hadi mia tatu, ofisi yenye taa nyingi hufika mia tano, lakini nje, hata siku ya mawingu, mara nyingi kuna laksi elfu kadhaa, na chini ya anga angavu hufika makumi ya maelfu. Nyuma ya jicho zipo seli maalumu, zilizoelezwa na watafiti mwaka 2002, ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha picha ya kitu bali kupima wingi wa mwanga na kupeleka habari hizo moja kwa moja kwenye saa ya mwili. Seli hizo zinataka mwanga mwingi, hasa wenye rangi ya samawati iliyomo katika anga la mchana, na ndiyo maana kukaa mezani chini ya balbu hakuchukui nafasi ya kutoka nje. Si lazima mtu alitazame jua, na hapaswi kamwe kulitazama moja kwa moja kwa kuwa linaunguza jicho. Yatosha awe nje, uso ukiwa wazi kwa anga. Asiyeweza kutoka na akae karibu na dirisha lililofunguliwa, ingawa hapo atahitaji muda mrefu zaidi.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna lugha inayoanza kuhesabu saa za mchana pale jua linapochomoza, si usiku wa manane, na kila ninapofikiri juu ya kazi ya saa ya mwili naona kwamba hesabu hiyo imeushika mwili wa binadamu barabara.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko kuwahi kuamka, ni kuamka wakati uleule. Ushauri wa kurauka hutolewa kana kwamba alfajiri yenyewe ndiyo dawa, bila kumuuliza mtu alilala lini. Anayelala saa sita usiku na kurauka saa kumi na moja alfajiri amepata saa tano tu, ilhali vyama vya kitaalamu vya tiba na utafiti wa usingizi nchini Marekani vilikubaliana mwaka 2015 kwamba mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Mtu huyo hajajenga afya. Amekopa, na deni lake litadaiwa mchana kwa kusahausahau, kwa kukosa subira na kwa kusinzia mahali pa hatari. Kwa upande mwingine, yuko mtu anayeamka saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi na saa nne siku za mapumziko, na kila juma anaulazimisha mwili wake kufanya safari ya saa nne kwenda na saa nne kurudi, sawa na aliyeruka kwa ndege kuelekea nchi ya mbali bila kutoka kitandani. Mtafiti Mjerumani Till Roenneberg na wenzake waliieleza hali hiyo mwaka 2006, na uchovu wa Jumatatu ambao wengi huulaumu ugumu wa kazi, kwa sehemu kubwa, unatokana nayo. Tofauti ya saa moja hivi mwili huimudu. Ya saa nne haiimudu kwa urahisi.

Naomba pia wazazi wenzangu wawe na huruma katika suala hili. Saa ya mwili ya kijana huchelewa anapobalehe na huendelea kuchelewa hadi karibu na umri wa miaka 20, kisha huanza kuwahi tena taratibu. Kijana asiyepata usingizi mapema na asiyeamka kwa wepesi hapaswi kuitwa mvivu kila siku. Mwanga wa asubuhi na kupunguza mwanga wa usiku vitamsaidia kuliko makaripio.

Kuhusu simu nitasema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo asubuhi nyingi zinapopotea. Mtu akifumbua macho haamki mara moja. Kwa robo saa hadi nusu saa, na wakati mwingine zaidi ya hapo, huwa katika mang'amung'amu, yaani mwili umeamka lakini sehemu za ubongo zinazopima mambo na kuamua bado hazijashika kazi sawasawa. Katika dakika hizohizo homoni ya kotisoli hupanda, ikiuandaa mwili kukabiliana na siku, na hufika kilele chake baada ya dakika 30 hadi 45 tangu mtu aamke. Kuchukua simu katika hali hiyo ni kuziruhusu habari za msiba, madai ya kazi na ugomvi wa watu usiowajua viingie kabla akili haijawa na mlinzi mlangoni. Nimewahi kujibu ujumbe wa mfanyakazi mwenzangu nikiwa bado nimejifunika shuka, kwa maneno ambayo nisingeyaandika saa moja baadaye, na kuirekebisha hali ile kulinichukua wiki tatu. Sisemi kwamba simu itupwe. Nasema ilale mbali na mkono, na kama ndiyo inayomwamsha mtu kwa kengele, basi iwekwe upande wa pili wa chumba, ili anayeinuka kuizima awe ameshasimama, na akishasimama aelekee maji na mswaki.

Maji ninayataja kwa ufupi. Usiku kucha mwili hupoteza maji kwa pumzi na jasho, kwa hiyo bilauri moja au mbili baada ya kuamka ni jambo jema na halina gharama ya muda. Madai kwamba ni lazima kunywa lita nzima au mbili kabla ya kula, na kwamba maji hayo husafisha sumu za mwili, hayana msingi. Kazi hiyo hufanywa na ini na figo usiku na mchana. Kahawa na chai hazina ubaya wowote kwa mtu mzima mwenye afya anayekunywa kwa kiasi, lakini akumbuke kwamba nusu ya kafeini aliyoinywa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, na hivyo kikombe cha asubuhi ni rafiki kuliko cha jioni.

Mwendo wa mwili nao hauhitaji makuu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa juma za mazoezi ya nguvu ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka, na uliondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi kisipungue dakika kumi. Habari hiyo haijatangazwa vya kutosha. Maana yake ni kwamba hata dakika tano za kupanda ngazi zinaingia katika hesabu, na aliyetembea dakika kumi kila asubuhi amekwisha kupata dakika 70 kwa juma, karibu nusu ya kiwango cha chini, endapo mwendo wake ni wa haraka. Hata hivyo natoa tahadhari moja kwa wazee na kwa wenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu. Madaktari wamejua tangu miaka ya 1980 kwamba mshtuko wa moyo hutokea zaidi kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa sita mchana, wakati shinikizo la damu linapopanda baada ya usingizi. Na kwa upande mwingine anayekurupuka kitandani anaweza kupata kizunguzungu na kuanguka, kwa kuwa damu hushukia miguuni ghafla. Wakae kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili, wanywe dawa zao kama walivyoelekezwa, na mazoezi mazito wayafanye kwa ushauri wa daktari.

Sasa niseme jinsi mazoea yanavyoshika mizizi, kwa kuwa hapa ndipo washauri wengi wanapowakatisha watu tamaa. Imeandikwa mara nyingi, hata na watu wenye elimu, kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Idadi hiyo ilitokana na maelezo ya daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya. Hakuwa akipima tabia, na neno "angalau" lilipotea njiani. Aliyepima ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, ambao waliwafuatilia watu 96 waliochagua kila mmoja jambo moja dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, wakalifanya kila siku baada ya tukio lilelile. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo hilo kuanza kufanyika lenyewe bila kujilazimisha, lakini kulikuwa na tofauti kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kunywa maji kulizoeleka upesi kuliko mazoezi ya mwili. Na jambo ambalo ningetamani liandikwe kwa herufi kubwa katika kila makala ya afya ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia.

Ningalilijua hilo nilipokesha na mtoto mgonjwa, nisingaliupoteza mwaka mzima. Aliyekosa siku moja ameipoteza siku moja tu, na kesho yake anaendelea pale alipoishia. Sharti la kutokosa kamwe hukigeuza kila kisa cha kawaida cha maisha, kama ugonjwa, safari, msiba au mgeni, kuwa mwisho wa jitihada.

La kuzingatia pia ni kulifunga jambo jipya kwenye jambo la zamani. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha katika tafiti zake, hasa katika andiko lake la mwaka 1999, kwamba mtu anayeamua kwa maneno bayana, "nikishamaliza hiki nitafanya kile", hutimiza nia yake mara nyingi zaidi kuliko anayesema tu kwamba atajitahidi. Kupiga mswaki, kufunga kitasa, kuteleka maji ya chai, kumvalisha mtoto sare, yote ni matukio ambayo hayahitaji kukumbushwa, na kila moja laweza kubeba jambo dogo mgongoni mwake. Anayetaka kutafakari au kuomba kwa utulivu na akae dakika tatu maji yanapochemka. Anayetaka kujinyoosha na ajinyooshe mara anapotandika kitanda. Akianza na matatu kwa pamoja, jambo la tatu litayaangusha mawili ya kwanza. Nimeliona hili kwangu na kwa jirani zangu mara nyingi mno.

Sitaki kuwasahau ambao asubuhi si yao. Wauguzi, walinzi, madereva na wafanyakazi wa viwandani wenye zamu ya usiku hurudi nyumbani wakati wengine wanatoka, na mwanga mkali wa asubuhi ambao nimeusifu hapa juu unaweza kuwaondolea usingizi wanaouhitaji. Kwao ni afadhali kuvaa miwani ya jua wanaporudi, ingawa si kwa anayeendesha gari huku akisinzia, kulala katika chumba chenye giza, na kuzihesabu dakika zao za mwanga tangu pale wanapoamka. Mama mwenye mtoto mchanga naye asibebeshwe saa ya kuamka na mtu yeyote. Kwake tabia njema ya asubuhi yaweza kuwa kulala tena mtoto anapolala, na wa nyumbani mwake wampokee kazi nyingine.

Wapo pia ambao uzito wa asubuhi ni ugonjwa. Katika sonona, mara nyingi mgonjwa huamka kabla ya alfajiri bila kuweza kulala tena, na saa za asubuhi huwa mbaya kuliko za jioni. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi katika huzuni au katika hali ya kutofurahia chochote, usingizi na hamu ya kula vikiwa vimebadilika, asiambiwe atandike kitanda ili apone. Apelekwe kwa mhudumu wa afya, na akisema kwamba anafikiria kujidhuru apelekwe siku hiyohiyo, asiachwe peke yake. Tabia ndogo za asubuhi zitamsaidia akiwa katika matibabu. Hazichukui nafasi ya matibabu.

Mhariri, ombi langu kwa gazeti hili ni jepesi kutekelezwa. Unapopokea makala ya kuwashauri wasomaji namna ya kuianza siku, mwombe mwandishi ataje jambo moja ambalo msomaji aanze nalo kesho, alifunge baada ya tukio gani, na afanye nini siku atakayolikosa. Ile idadi ya siku 21 iondolewe kila inapojitokeza. Na kwa kuwa asubuhi huandaliwa tangu usiku, makala hayo yaambatane na ushauri wa kupunguza taa na kuweka simu mbali saa moja kabla ya kulala, kwa sababu msomaji aliyekosa usingizi hawezi kusaidiwa na lolote tutakalomwambia kuhusu alfajiri.

Wako katika kulisoma gazeti hili,

Msomaji